Povu likimtoka, mnakimbilia wapi?

Jamani, mambo mengine acha tu! Nilikwenda Gehandu, Manyara, kumsalimia shangazi. Mara kijana wa jirani akaanguka, anatetemeka, povu mdomoni. Watu wakatimua mbio: "Usimguse, utaambukizwa!" Na mimi mtoto wa mjini, bingwa wa kujidai, ndiye niliyetangulia kufika barabarani. Aibu! Shangazi peke yake alimlaza ubavu, akakaa naye mpaka alipozinduka.

Niliporudi mjini nikaanza kusoma. Kumbe siri nyingine imetoka kwa panya! Ganda la ubongo wake, kama letu, lina matabaka sita. Tabaka la tano, huko chini, lina seli za aina mbili kuu. Zile nyembamba hupeleka habari upande wa pili wa ubongo, zikifyatua umeme mojamoja. Zile nene, zenye matawi mengi, hutuma amri hadi uti wa mgongo, na nyingi hufyatua kwa mkupuo. Kipande cha ubongo wa panya kikitiwa dawa ya kuchochea kifafa, vurugu mara nyingi huanzia tabaka hilohilo. Povu ni mate tu, haliambukizi.

Na anayechokoza seli? Kule Haydom, Mbulu, wagonjwa zaidi ya 200 wa kifafa walipigwa picha za ubongo. Matokeo yalichapishwa 2009: takriban mmoja kati ya sita alikuwa na alama za tegu wa nguruwe. Mayai yake hutoka kwenye kinyesi cha binadamu, sio kwenye kitimoto. Mchicha usiooshwa unatosha.

Yule kijana sasa anatumia vidonge. Nikirudi nitamwomba radhi, kama atanipokea.