Hori ya ng'ombe ilivyoniokoa mimi na samaki wangu ghorofa ya nne

Stima ilipotea mwendo wa saa sita usiku. Hiyo si habari mtaani kwetu Roysambu, kwa hivyo nilivuta blanketi nikaendelea kuuchapa usingizi. Dakika arobaini baadaye mlango ukagongwa kama wa mtu mwenye deni. Alikuwa mama wa ghorofa ya tatu, leso kiunoni, mtoto mgongoni, tochi ya simu ikinimulika usoni.

"We kijana," akasema, "mbona unaniogesha nikiwa kitandani?"

Niligeuka kuwasha taa, nikakumbuka hakuna stima. Nikapiga hatua moja nyuma na soksi zikaloa. Sebule nzima ilikuwa ziwa.

Ninafuga samaki. Tangi langu ni la vioo, urefu sentimita 120, upana 45, kimo 45, na likijaa lina lita 243. Ndani walikuwa oska wawili. Kama humjui oska, ni samaki wa kutoka bonde la mto Amazon, mkubwa kama kiganja na zaidi, mlafi, na mchafu wa kupindukia. Yule mkubwa nilimwita Mheshimiwa kwa sababu alikuwa akila kwanza, wengine baadaye, na bado alilalamika.

Ukiwa na samaki wa aina hiyo, kichujio kidogo cha kuning'iniza kwenye kioo hakifui dafu. Ndiyo maana watu hujenga sampu. Sampu ni tangi la pili linalokaa chini ya lile la samaki, ndani ya kabati au stendi. Maji machafu hushuka yenyewe kupitia bomba, yanapita kwenye sponji na mawe, kisha pampu inayarudisha juu. Yanazunguka hivyo mchana na usiku. Kazi kubwa haifanywi na sponji, inafanywa na bakteria wanaoishi humo. Samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu hata ikiwa kidogo. Kundi moja la bakteria huigeuza kuwa nitriti, ambayo pia ni sumu, na kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki anaweza kuivumilia hadi siku ya kubadilisha maji. Sampu ikiwa kubwa, bakteria wana nyumba kubwa, na maji kwa jumla ni mengi zaidi, kwa hivyo uchafu haukolei haraka.

Shida ni kwamba sampu yangu ilikuwa ndogo. Fundi aliniundia ya vioo, sentimita 60 kwa 30, kimo 35. Hesabu za haraka: lita 63. Nilikuwa nikiijaza hadi lita 45 hivi. Nafasi iliyobaki, lita 18. Niliona inatosha, na kusema kweli sikuwa nimepiga hesabu yoyote.

Sasa sikiliza kilichotokea. Bomba la kurudisha maji nilikuwa nimelizamisha sentimita 10 chini ya uso wa maji ili lisipige kelele. Pampu ilipozimika, bomba hilo lilianza kufanya kazi kinyumenyume. Ni mtindo uleule wa kuvuta petroli kwa mpira kutoka kwa tangi la pikipiki: mradi mdomo wa bomba uko ndani ya maji, yatashuka tu hadi hewa iingie. Sentimita 10 za tangi langu ni 120 mara 45 mara 10, yaani lita 54. Toa zile 18 ambazo sampu ingeweza kubeba. Lita 36 zilimwagika sakafuni, karibu mitungi miwili ya maji, na sakafu ya ploti yetu inavuja kama ungo.

Ungedhani hapo ndipo msiba uliishia. Stima ilirudi alfajiri nikiwa bado nakamua matambara. Pampu ikaamka na kufanya kazi yake, ikapandisha lita 54 juu ili tangi lifike tena kiwango cha kumwaga. Lakini sampu ilikuwa na 63 tu. Zikabaki lita tisa chini, maji ya kina cha sentimita tano. Hita ikabaki hewani ikiwa imewaka. Ilipasuka kwa mlio mdogo tu, kama glasi ya chai iliyotiwa maji moto ghafla. Pampu nayo ikanyonya hewa hadi ikaungua.

Ilikuwa Julai, na mnajua Nairobi ya Julai. Bila hita, bila mzunguko, wikendi katikati, na mfuko hauna kitu kabla ya tarehe 30. Mheshimiwa alilala ubavu siku ya tatu. Nilimfukia kwenye mtungi wa maua wa msimamizi wa ploti, kwa ruhusa yake, na mwenye nyumba akanitumia ujumbe mfupi: tone lingine moja likipita sakafu, mimi au samaki, mmoja wetu atahama.

Wazo la hori lilitoka Marekani, sitadanganya. Kule wafugaji wa samaki wamekuwa wakitumia vyombo vya plastiki vya kunyweshea ng'ombe na farasi kwa miaka mingi, hasa vile vya Rubbermaid vinavyouzwa kwa galoni: 50, 100, 150, 300. Galoni 100 za huko ni kama lita 378. Ni vyombo vilivyoundwa kukaa juani, kupigwa teke, na kubeba uzito wa maji bila kuegemea chochote. Nikajiuliza, si sisi pia tuna hori? Neno lenyewe tunalisikia kanisani kila Krismasi.

Nikampigia shosho, Kinangop. Ana ng'ombe watatu na vyombo vya kila aina.

"Shosho, una hori ya plastiki ambayo hutumii?"

"Iko moja nyuma ya zizi. Umenunua ng'ombe Nairobi?"

"Hapana shosho, ni ya samaki."

Akanyamaza kidogo. "Samaki nao wananyweshwa?" Halafu, kabla sijajibu, akaongeza jambo ambalo liliokoa oska wangu wa pili: "Lakini hiyo ndiyo huwa tunachanganyia dawa ya kupe."

Hapo naomba usome polepole. Dawa nyingi za kupe zina kemikali za jamii ya pairethroidi, na hizo huua samaki hata kwa kiwango kidogo sana. Plastiki iliyokaa na dawa haitakasiki kwa Omo na maji moto. Kwa hivyo hori ya mtumba kutoka shambani, hata upewe bure na shosho umpendaye, iache huko huko. Nunua mpya. Na usishawishike na karai la bati eti ni la bei nafuu. Mabati hupakwa zinki, na zinki ikiyeyuka kwenye maji ni sumu kwa samaki.

Nilipata yangu kwa duka la agroveti, nyeusi, ya lita 150 hivi. Bei sitaitaja kwa sababu hubadilika kila msimu na sitaki ukaaibike dukani, ila ilikuwa chini ya nusu ya ile fundi wa vioo alitaka kwa sampu kubwa. Muuzaji aliniuliza ng'ombe wangu wanatoa lita ngapi.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la futi kamba. Hori huwa na mdomo mpana kuliko kitako. Mimi nilipima kitako, na ilipofika nyumbani mdomo ukagoma kupita katikati ya miguu ya stendi. Ilibidi fundi wa kuchomelea ahamishe chuma kimoja cha mbele. Pima mdomo, pima pia kimo, na uache nafasi ya mkono wako kuingia juu yake, la sivyo utakuwa ukisafisha pampu ukiwa umelala kifudifudi.

La pili lilikuwa gundi. Sampu za vioo hugawanywa vyumba kwa vipande vya vioo vilivyobandikwa kwa silikoni. Nikajaribu vivyo hivyo kwenye hori. Silikoni ilikauka vizuri, nikatia maji, na kesho yake vipande vyote vilikuwa vimebanduka kama plasta kwenye kidole kilicholoa. Hori hizi ni za polithini nzito, na polithini haishikani na silikoni wala gundi nyingi za dukani. Usipoteze pesa.

Nilichofanya badala yake ni kuweka ndoo ndani ya hori. Ndoo ya kawaida ya lita 20, nimeitoboa matundu karibu na ukingo wa juu. Maji kutoka kwa tangi yanaingia kwanza kwenye ndoo, yanapita sponji nzito inayonasa kinyesi na mabaki ya chakula, kisha yanamwagikia kwenye hori. Katikati ya hori kuna mifuko ya wavu iliyojaa yale mawe mepesi yenye vitundu tunayosugulia visigino. Bonde la Ufa limejaa mawe hayo, ni matokeo ya volkano, na vile vitundu ndivyo makao ya bakteria. Yaloweke kwanza siku kadhaa kwa sababu mapya huelea. Upande wa mwisho kuna kipande kirefu cha sponji kilichobanwa kutoka ukuta hadi ukuta, kuzuia mapovu yasifikie pampu, halafu pampu yenyewe ikiwa imezama. Hori sikuitoboa hata tundu moja. Kama yako imekuja na tundu la kutolea maji chini, funga kizibo chake kwa tepu ya mafundi wa mabomba na uikalishe na maji nje usiku mzima kabla ya kuiingiza ndani.

Hita iko ndani ya ndoo, si kwenye hori. Katika mfumo kama huu, maji yanayokauka hupungua upande wa pampu peke yake, ilhali ndoo huwa imejaa daima, hata stima ikipotea. Hita yenyewe nimeivalisha kikinga chake ili kioo kisiguse plastiki.

Kuhusu pampu, usidanganywe na namba kwenye boksi. Iliyoandikwa lita 2,000 kwa saa haitoi 2,000 ikilazimika kupandisha maji mita moja na zaidi. Wengi hulenga maji yote ya tangi yapite kwenye sampu mara nne hadi sita kwa saa. Yangu inafika nne kwa shida na samaki hajalalamika. Nyaya zote nimeziacha zining'inie chini ya kiwango cha soketi kabla ya kupanda tena, ili tone likifuata waya lidondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye stima. Ekstensheni iliyokuwa sakafuni nimeipigilia ukutani. Nikikumbuka ilipokuwa usiku ule wa mafuriko, bado mwili hunisisimka.

Kisha ile dawa ya saifoni. Nilitoboa tundu dogo kwenye bomba la kurudisha, sentimita mbili tu chini ya uso wa maji. Pampu ikizima, maji yakishuka hadi hapo, tundu linavuta hewa na mchezo unaisha. Lita 11 zinashuka badala ya 54. Lakini tundu huziba kwa ukungu wa kijani, kwa hivyo nalichokonoa kwa kijiti kila Jumamosi, na hesabu yangu haliitegemei: hori naijaza lita 80 pampu ikiwa inafanya kazi, nimepiga mstari mweupe kwa rangi. Hata tundu likiziba kabisa, 80 na 54 ni 134. Hori ni ya 150. Kuna vali za kuzuia maji kurudi zinazouzwa kwa kazi hiyo hiyo. Chembe moja ya mchanga ikikwama ndani yake, haifungi. Mimi siziamini.

Uzito pia ufikirie kabla hujaleta hori kubwa kuliko haja yako. Lita moja ni kilo moja. Tangi, hori, vioo, changarawe na stendi, yangu inakaribia kilo 400. Niliisogeza kutoka katikati ya sebule hadi kwenye ukuta mkubwa wa nyumba.

Bakteria hawanunuliwi kwa siku moja. Sponji ya zamani niliihamisha ikiwa bado imeloa na uchafu wake, sikuiosha kwa maji ya mfereji kwa sababu klorini ingewaua. Ukianza bila sponji ya zamani, tarajia mwezi mmoja na nusu hivi kabla ya kuweka samaki wakubwa.

Jumamosi moja nilimwalika mama wa ghorofa ya tatu aje aone. Nilimwomba azime soketi mwenyewe. Alisita, akaizima, kisha akainama na tochi yake kumulika hori. Maji yalipanda, yakapanda, yakasimama mbali na ukingo. Akawasha. Akazima tena. Alifanya hivyo mara nne bila kusema neno, mtoto akichungulia kioo kutoka mgongoni.

"Na huyu aliyebaki," akauliza hatimaye, "anaitwa nani?"

Sikuwa nimempa jina.