Kutoka Lozells hadi Hekalu la Pangoni

Mahekalu ya mapangoni, yaani kumbi za ibada na makao ya watawa yaliyochongwa ndani ya majabali, ni miongoni mwa majengo makongwe ya Wabuddha, na sababu mojawapo ya kuwepo kwake ni mvua, kwa kuwa watawa waliozoea kutembea kijiji hadi kijiji walitakiwa kutulia mahali pamoja kwa miezi mitatu ya masika ya India. Huko Ajanta, magharibi mwa India, ambako uchongaji ulianza karne ya 2 kabla ya Kristo, yapo mapango yapatayo 30 ya namna mbili: vihara, yaani makao yenye vijumba vya watawa, na chaitya, yaani ukumbi wa ibada wenye stupa, kuba linalokumbusha au kuhifadhi masalia matakatifu, ambalo waumini hulizunguka wakiliacha upande wao wa kulia.

Lozells, mtaa ulio kaskazini-magharibi ya katikati ya Birmingham, hauna pango la aina hiyo. Hata hivyo wakazi wake, wakiwemo Waafrika Mashariki waliohamia mjini humo, wanaweza kwa siku moja kujifunza mengi kuhusu sanamu, stupa na maisha ya watawa. Sanamu mashuhuri ni Buddha wa Sultanganj, mali ya jumba la makumbusho la Birmingham, iliyofukuliwa mwaka 1861 wakati wa ujenzi wa reli huko Sultanganj, katika jimbo la Bihar nchini India, na kufikishwa Uingereza kwa fedha za Samuel Thornton, mfanyabiashara wa vyuma aliyewahi kuwa meya wa Birmingham. Ina urefu wa mita 2.3 na uzito unaozidi kilo 500, nayo ilitengenezwa zaidi ya miaka 1,200 iliyopita kwa kuumba mfano wa nta, kuufunika kwa udongo, kuiyeyusha nta na kumimina shaba nyekundu mahali pake. Mkono wa kulia ulioinuliwa, kiganja kikielekea mbele, ni ishara ya kuwaondolea watu hofu.

Stupa inapatikana Ladywood, mtaa mwingine wa Birmingham, kwa umbo lake la Kiburma liitwalo pagoda: ni Dhammatalaka Peace Pagoda, iliyofunguliwa mwaka 1998 kwa juhudi za mtawa Rewata Dhamma kutoka Burma. Hapo mgeni huvua viatu, huvaa nguo za heshima, hunyamaza wakati wa tafakuri na hukaa bila kuielekezea sanamu nyayo zake, adabu ambazo aliyelelewa pwani ya Waswahili hazitamwia ngumu.

Inafaa kuuliza mapema siku za kufunguliwa kwa makumbusho na pagoda, na kama sanamu ya Sultanganj imewekwa hadharani. Zaidi ya hayo, mgeni asiishie makumbusho, kwani huko sanamu hutazamwa kama kazi ya sanaa, ilhali pagodani bado husujudiwa. Aonaye upande mmoja tu ameujua Ubuddha nusu.