Mtoto Anapotamani Kurusha Ndege: Mchezo Upi Umfaao?

Ni wachache watoto wa pwani yetu wasioinua macho ndege inapopita. Huko Changamwe na Port Reitz, ndege zinazotua katika Uwanja wa Kimataifa wa Moi huonekana kwa karibu hata mtoto akaweza kuhesabu madirisha. Malindi, Ukunda na Manda nako, ndege ndogo huingia na kutoka mchana kutwa. Si ajabu, basi, mtoto wa miaka sita au saba akimwomba mama yake amtilie mchezo wa kurusha ndege katika simu.

Ombi hilo ni jema, kwani ndani yake mna hamu ya kujua. Lakini mzazi anapoandika neno "ndege" katika duka la programu la simu yake, huletewa michezo chungu nzima yenye picha zinazofanana, ilhali yaliyomo ndani hayafanani hata kidogo. Mmoja utamfundisha mtoto dira, upepo na subira. Mwingine utamfundisha kudondosha mabomu juu ya mji. Wa tatu hautamfundisha lolote ila kubonyeza matangazo. Makala haya yamekusudiwa kumsaidia mzazi kuipambanua kabla ya kupakua.

Kuanguka bila kuumia

Mchezo wa kuigiza urubani ni mtoto wa kifaa kikongwe. Mwaka 1929 Mmarekani Edwin Link, aliyekulia katika karakana ya familia yake ya kutengeneza vinanda, alitumia mivukuto na pampu za vinanda hivyo kuunda kijisanduku chenye umbo la ndege. Kilipinda, kikainama na kuzunguka, ila hakikuondoka ardhini. Katika Vita vya Pili vya Dunia, mamia ya maelfu ya wanahewa walijifunza kwa kifaa hicho. Mwaka 1982 kampuni ya Microsoft ilitoa mchezo wake wa kwanza wa Flight Simulator, na elimu iliyokuwa ya marubani pekee ikaanza kuingia majumbani.

Maana ya kifaa hicho haijabadilika: kumwezesha mwanafunzi akosee mahali ambapo kosa halimvunji mguu. Waislamu wengi wamesikia habari za Abbas ibn Firnas wa Kurtuba, Andalusi, aliyeishi katika karne ya 9. Mwanahistoria al-Maqqari, aliyeandika karne nyingi baadaye, anasimulia kwamba mwanachuoni huyo alijifunika manyoya, akajifanyia mabawa, akaruka umbali fulani, kisha akaumia mgongo alipotua. Alikuwa hakuzingatia kazi ya mkia wa ndege katika kutua. Mtoto wa leo anaweza kulisahau hilo la mkia mara ishirini kabla ya Magharibi, na kila mara akaanza upya salama.

Hiki ndicho kipimo cha kwanza cha mchezo mwema. Mtoto akikosea, je, mchezo humwonyesha alipokosea na kumrejesha uwanjani? Au humpigia kelele, humlipulia moto, kisha humtaka alipe ili aendelee?

Aliye chini ya bawa

Michezo mingi yenye picha ya ndege jalada lake ni michezo ya vita. Mtoto hupewa shabaha, na shabaha hiyo mara nyingi ni jengo, gari au mtaa. Kutoka juu watu hawaonekani, nyumba ni vidoa, na kila kidoa kinachoteketea humwongezea alama.

Watoto wetu husikia habari wanapokula pamoja nasi. Wameona katika televisheni miji iliyobomolewa kutoka angani, wakatuona tukiinua mikono kuwaombea waliomo. Si busara mtoto huyohuyo akae pembeni kwa saa nzima akijizoeza kuuona mji kuwa ni alama za ushindi. Hatusemi kwamba kila mtoto atakayecheza mchezo huo ataharibika. Tunasema kwamba mtoto mdogo huyajua mambo kwanza kwa kuyacheza, na ni haki yake ndege aijue kwanza kama chombo kinachombeba msafiri, mgonjwa na mahujaji.

Kabla ya kupakua, tazama picha zote za mchezo, si ile ya kwanza pekee. Ukiona msalaba wa kulengea shabaha katikati ya skrini, umekwisha kupata jibu.

Nambari ya umri na maana yake

Katika duka la programu, kila mchezo huandikwa nambari ya umri, kwa mfano 3, 7, 12, 16 au 18. Wazazi wengi hudhani nambari hiyo yaeleza ugumu wa mchezo. Sivyo. Yaeleza yaliyomo tu: vita, lugha chafu, kamari na mfano wa hayo. Microsoft Flight Simulator ya mwaka 2020 ilipewa nambari 3 barani Ulaya kwa kuwa haina jambo la kutisha. Lakini mtoto wa miaka mitatu hawezi kuirusha ndege yake, na watu wazima wengi huona taabu.

Kwa aliye chini ya miaka mitano, jibu la kweli ni ndege ya karatasi na uwanja wa kuirushia. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unashauri kwamba mtoto wa miaka mitatu na minne asikae mbele ya skrini zaidi ya saa moja kwa siku, na kwamba ikipungua ndiyo bora. Kati ya miaka sita na tisa, mtoto aweza kuanza iwapo mtu mzima ameketi kando yake. Baada ya hapo, akishajua kusoma vizuri, ataweza kufuata masomo ya mchezo mwenyewe.

Chagua kwa kifaa ulicho nacho

Usinunue kompyuta kwa ajili ya hamu ya wiki mbili. Anza na kilichomo nyumbani.

Iwapo kuna kompyuta ya kawaida yenye intaneti, pakua Google Earth Pro, ambayo ni programu ya ramani isiyolipiwa. Ndani yake mna sehemu ya kurushia ndege yenye ndege mbili tu: SR22, ndege ndogo ya injini moja, na F-16, ambayo asili yake ni ya kivita ingawa humo haina silaha ya kufyatua. Mchagulie mtoto SR22. Huenda polepole na kumpa nafasi ya kufikiri. Kinachopita chini yake ni picha halisi za dunia, hivyo atauona mtaa wake mwenyewe.

Iwapo kilichopo ni simu au tableti, X-Plane ya simu hupakuliwa bure, na ina masomo ya mwanzo ya kupaa na kutua kwa Cessna 172, ndege ambayo imefunzia marubani wengi kote duniani. Infinite Flight nayo ni nzuri, ila sehemu kubwa ya huduma zake huhitaji malipo ya mara kwa mara, nayo yamfaa zaidi mtoto mkubwa.

FlightGear ni ya kompyuta, hailipiwi, na imejengwa na wapenzi wa urubani wanaojitolea. Mipangilio yake ni mingi, hivyo yataka baba, ami au kaka mwenye subira wa kuiandaa. Ama Microsoft Flight Simulator yenyewe, uzuri wake hausemeki, lakini toleo la 2020 lilihitaji nafasi ya zaidi ya GB 100 pamoja na kompyuta yenye nguvu au mashine ya Xbox. Kwa familia inayonunua bando kwa wiki, mchezo huo na ungoje.

Safari ya kwanza: ufuo mkono wa kulia

Mchezo ukishapatikana, usimwachie mtoto azunguke ovyo. Mpe safari. Iliyo bora kwetu ni kutoka Mombasa hadi Malindi, takribani kilomita 105. Ndege ndogo huumaliza mwendo huo kwa karibu nusu saa, muda unaotosha kikao kimoja. Kanuni yake ni moja: bahari ibaki mkono wa kulia. Mtoto ataivuka hori ya Mtwapa, kisha ya Kilifi, ataiona Mida karibu na Watamu, na hapo ajue Malindi i karibu. Siku nyingine aendelee mbele, aupite mlango wa mto Sabaki na delta ya Tana, hadi atue Manda aitazame Lamu ng'ambo ya maji.

Kabla hajapaa, mwonyeshe nambari zilizoandikwa katika njia kuu ya kurukia ya uwanja wa Moi: 03 upande mmoja, 21 upande wa pili. Hizo ni digrii za dira zilizoondolewa sufuri ya mwisho. Anayeruka kwa 03 anaelekea kama digrii 30 kutoka kaskazini. Anayeruka kwa 21 anaelekea digrii 210, kinyume chake. Rubani huchagua upande kwa kuuangalia upepo, kwani ndege hupaa na kutua ikiukabili. Babu aliyekuwa baharia atalifurahia somo hili: jahazi hungoja upepo wa kulisukuma nyuma, ndege huutaka usoni. Muulize mtoto, wakati wa kaskazi ndege itapaa kuelekea wapi? Na kusi ikishika, je?

Kisha mpe swali lililo tamu zaidi. Mombasa na Makka ziko karibu katika mstari mmoja wa longitudo, kwa hiyo kibla chetu ni karibu kaskazini kamili. Mtoto akiilekeza pua ya ndege kaskazini na asiyumbe, atapita jirani ya Garissa, ataikata Ethiopia upande wa Mekele, ataiona Massawa ya Eritrea, ataivuka Bahari ya Shamu, na mbele yake, baada ya takribani kilomita 2,800, iko Makka. Si safari ya kikao kimoja. Aiendee kwa vituo, siku baada ya siku, huku mkitia alama katika ramani ya ukutani. Atakaposimama kusali, atajua kwa akili yake uso wake unaelekea wapi na kuna nini katikati.

Mipaka mitatu

Wa kwanza ni muda. Usiwe na neno "baadaye kidogo", kwani mtoto halijui mwisho wake. Safari moja kwa siku ya mapumziko, baada ya kazi ya chuoni na ya shule, ni kipimo anachokielewa: ndege ikishatua, kikao kimekwisha. Ukimkatiza angani, tarajia kilio. Ukimngoja atue, atazima mwenyewe.

Wa pili ni pesa. Simu ya mama mara nyingi ndiyo benki ya nyumba. Weka nenosiri kwa kila ununuzi katika duka la programu, na usimtajie mtoto. Mchezo unaoweza kuendelea bila intaneti, zima data au uweke simu katika hali ya ndege kabla ya kumpa. Matangazo mengi hukoma na bando hubaki.

Wa tatu ni wageni. Baadhi ya michezo humruhusu mchezaji kuandikiana na watu asiowajua. Ifunge sehemu hiyo, na mtoto achezee sebuleni, skrini ikionekana na kila apitaye.

Binti naye

Mara nyingi ombi la ndege likitoka kwa mvulana hutimizwa, na likitoka kwa msichana huchekwa. Mkenya Irene Koki Mutungi ni nahodha wa Boeing 787, na anatajwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Kiafrika kuidhinishwa kuiongoza ndege hiyo. Wala si lazima binti yako awe rubani. Kusoma dira, kukisia umbali, kuhesabu mafuta na kutulia mambo yanapoharibika ni elimu inayomfaa daktari, mwalimu na mama wa watoto vilevile.

Ikiwa ni kaka na dada, wape ndege moja: mmoja ashike usukani, mwingine ashike ramani, na wakishafika Malindi wabadilishane. Mzazi naye aketi kati yao walau safari tatu za mwanzo. Hahitaji kujua urubani. Atosheke na kuuliza, "Sasa tuko wapi?" na kuwaacha wamjibu.