Umri wa Mti, Umri wa Mlango

Anayekarabati nyumba leo, awe Dar es Salaam, Iringa au Mombasa, hafiki mbali kabla fundi hajamuuliza: tuweke mbao gani? Mwenye uwezo husema mninga au mkongo, kwa kuwa ni mbao ngumu na zina heshima. Anayebana matumizi husema paini, kwa kuwa bei yake inavumilika na inapatikana kila kona. Siku hizi limeongezeka kundi la tatu, la watu wanaoijali misitu kwa dhati, ambao kwao mbao za miti ya asili ni haramu na za miti ya kupandwa ni halali, basi. Makala haya yanatetea kipimo kingine, ambacho hakiishii kwenye jina la mti. Matumizi ya mbao ni endelevu pale mbao inapodumu nyumbani kwa muda usiopungua ule ambao mti wake ulitumia kukua, ili siku itakapohitajika nyingine, mti mwingine uwe umeshasimama mahali pa ule wa kwanza. Ni hesabu ya miaka kwa miaka. Ukiifanya bila upendeleo, zipo mbao za kupandwa zinazofeli, na zipo mbao za asili zinazofaulu.

Mninga unafaa kuanza nao kwa sababu ndio unaotamaniwa zaidi. Huota katika misitu ya miombo, na mche wake una tabia inayostaajabisha: kila kiangazi kijishina chake hufa hadi usawa wa ardhi, mizizi ikabaki hai na kunenepa chini, na mvua zikirudi kinachipua upya. Hali hiyo huweza kuendelea kwa miaka kumi au zaidi, mpaka mizizi iwe na akiba ya kutosha kusukuma shina litakalopita kimo cha moto wa nyika. Ndipo unene unapoanza, milimita chache tu kwa mwaka. Pete za ukuaji zilizohesabiwa katika miti hii kusini mwa Afrika zinaonyesha kwamba kufikia unene wa kuvunwa huchukua karibu karne nzima. Muda huo haupotei bure. Sehemu ya ndani ya shina, ile ya rangi ya kahawia, hujaa kemikali ambazo mchwa na kuvu hawazipendi, na mbao yake ikishakauka husinyaa na kuvimba kidogo mno. Ndiyo maana mlango wa mninga haukwami kwenye fremu wakati wa masika, wala hauachi upenyo wakati wa kiangazi. Mlango wa mbele uliotengenezwa vizuri kwa mbao hiyo unaweza kuwafungia na kuwafungulia wajukuu wa aliyeuweka, na kwa kipimo chetu umefaulu. Lakini kabati la nguo la mninga linalong'olewa baada ya miaka kumi na mbili kwa sababu mtindo umepitwa limekula miaka tisini ambayo hakuna atakayeilipa. Vivyo hivyo dari, mbao za kufunika kingo za sakafu, na rafu za jikoni: kazi hizi hazihitaji nguvu wala ukinzani wa mninga, na kuzifanya kwa mbao hiyo ni israfu.

Athari za israfu hiyo zimepimwa. Mwaka 2010 Antje Ahrends na wenzake walichapisha utafiti uliolinganisha hali ya misitu kuzunguka Dar es Salaam mwaka 1991 na mwaka 2005. Walikuta uharibifu ukitoka mjini kama mawimbi yanayofuatana. Wimbi la mbele kabisa ni la mbao za thamani kubwa. Nyuma yake linakuja la mbao za thamani ya kati na ya chini. La mwisho ni la mkaa, ambalo huchukua kilichosalia. Katika miaka hiyo 14 wimbi la mbao za thamani kubwa lilisogea mbele kwa wastani wa kilomita tisa hivi kwa mwaka. Kila fremu iliyoagizwa mjini iliusogeza mstari huo, na msitu ulioachwa nyuma ulikuwa na aina chache zaidi za miti na kaboni kidogo zaidi. Haishangazi kwamba mwezi Novemba 2022, katika mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyamapori walio hatarini, uliofanyika Panama, nchi wanachama zilikubaliana kuweka chini ya udhibiti biashara ya kimataifa ya jamii zote za Kiafrika za Pterocarpus, ambamo mninga umo, na za Afzelia, ambamo mkongo umo. Udhibiti huo unagusa mipaka ya nchi tu. Mbao inayokatwa Tabora na kuuzwa Dar es Salaam haiguswi nao, na hapo uamuzi unabaki kwa mnunuzi.

Je, jibu ni kukimbilia paini? Kwa kazi nyingi za ukarabati, ndiyo, ila si paini yoyote. Mti huu hupandwa kwa wingi Nyanda za Juu Kusini, katika shamba kubwa la serikali la Sao Hill huko Mufindi na katika maelfu ya mashamba ya wananchi. Shida ni kwamba wakulima wengi, wakibanwa na ada za shule au matibabu, huuza miti ikiwa na miaka minane au kumi, nusu ya umri unaotakiwa. Mbao ya pete za mwanzo, zile zinazouzunguka moyo wa shina, ni tofauti na ya pete za baadaye. Nyuzi ndogo ndani ya kuta za seli zake zimelala kwa mshazari mkubwa, kwa hiyo inapokauka hufupika kwa urefu wake, jambo ambalo mbao iliyokomaa hulifanya kwa kiasi kisichoonekana. Upande mmoja ukifupika kuliko mwingine, mbao inajikunja. Ukitaka kuliona hili, angalia kichwa cha mbao ya mbili kwa nne pale inapouzwa: ukiona nukta ya moyo wa mti katikati na pete pana pana zikiizunguka, hiyo imetoka kwenye mti mchanga, na ukiipigilia kwenye kenchi leo, baada ya miezi kadhaa bati litaanza kunyanyuka. Ukiona pete nyembamba zinazopita kama tao bila moyo, umepata mbao ya mti uliokomaa. Mbao changa inayoliwa na wadudu na kubadilishwa baada ya miaka mitano imefeli kipimo, ingawa imetoka shambani na hakuna msitu wa asili ulioguswa. Isitoshe, ardhi, mbolea na dizeli ya lori vilivyotumika vitatumika tena kwa ile itakayochukua nafasi yake.

Umri wa mti ni nusu ya habari; nusu nyingine ni maji. Paini iliyokatwa jana inaweza kubeba maji mazito kuliko mbao yenyewe. Maji yaliyo ndani ya matundu ya seli huondoka kwanza, na mbao haibadiliki umbo. Yakishuka hadi kama asilimia 30 ya uzito mkavu, yanaanza kutoka kwenye kuta za seli, na hapo ndipo mbao inaposinyaa, tena kwa kufuata mzingo wa pete karibu mara mbili ya inavyosinyaa kuelekea moyoni. Tofauti hiyo ndiyo inayopasua na kupinda. Katika hewa ya pwani mbao iliyo chini ya paa hutulia kwenye asilimia 14 hadi 16 hivi. Dodoma hutulia chini ya hapo. Kuvu wa kuozesha wanahitaji zaidi ya asilimia 20, kwa hiyo mbao iliyokaushwa na kulindwa isinyeshewe haiozi, hata iwe paini. Kipimo cha nyumbani ni rahisi: kata kipande, kipime kwenye mizani ya duka, kiweke kivulini penye hewa, kisha kipime tena baada ya wiki. Kama uzito bado unashuka, mbao zako bado ni mbichi. Kuzipanga kwa matabaka, kila tabaka likitenganishwa na vijiti ili hewa ipite, huku juu kumefunikwa na pembeni kuko wazi, kwa wiki kadhaa kabla fundi hajaanza kazi, huongeza maisha ya kenchi kuliko karibu kitu kingine chochote chenye gharama kama hiyo. Na gharama yenyewe ni subira.

Kuna wanaopinga paini kwa sababu ya dawa, na hoja yao ina uzito. Dawa iliyozoeleka zaidi, ile inayoipa mbao rangi ya kijani, ina kromu, shaba na aseniki. Tangu mwanzo wa 2004 Marekani iliacha kuitumia kwa sehemu kubwa ya mbao za makazi kwa sababu ya aseniki. Hata hivyo, kosa lingekuwa kuweka paini yote kwenye kapu moja. Mbao iliyoingizwa dawa kwa mgandamizo ndani ya mtungi inafaa kwa nguzo zinazogusa udongo, mahali ambapo pasipo dawa mchwa wangeimaliza. Ndani ya nyumba, palipo pakavu, chumvi za boroni kama boraksi hutosha kuzuia wadudu na zina madhara madogo zaidi kwa watu. Udhaifu wake ni kwamba huoshwa na mvua, kwa hiyo hazifai nje. Hatari kubwa iko kwenye mambo mawili yanayotendeka kila siku. La kwanza ni mbao iliyochovywa au kupakwa tu ikauzwa kama mbao ya dawa: ikate kichwa, na ukiona kijani kimeishia juu juu kama rangi ya ukuta, kinga hiyo haipo. La pili ni vipande vya mbao za kijani kuishia jikoni kama kuni. Aseniki hutoka na moshi na kubaki kwenye majivu, karibu na chakula na watoto wanaocheza. Hilo halina mjadala: vipande hivyo visichomwe kabisa.

Wengine husema mbao ziachwe zote, tutumie alumini, chuma na plastiki, misitu ipumzike. Hoja hii inausahau mgodi na tanuru. Kuyeyusha tani moja ya alumini mpya huhitaji umeme wa karibu uniti 14,000. Mbao hufanya kinyume: karibu nusu ya uzito wake mkavu ni kaboni iliyovutwa kutoka hewani, kiasi kwamba kilo moja inashikilia kile ambacho kingekuwa takriban kilo 1.8 za hewa ya ukaa. Inaishikilia kwa muda wote inaokaa nyumbani, na ndiyo sababu nyingine ya kuhesabu miaka. Alumini ina mahali pake: dirisha la bafu linalolowa kila siku ni kazi yake halali, na ikiyeyushwa upya hutumia sehemu ndogo tu ya nishati ile ya kwanza. Lakini kuing'oa fremu nzima ya mbao isiyo na ubovu ili kuweka alumini, kwa ajili ya mwonekano peke yake, si kuokoa msitu.

Pingamizi kubwa kuliko yote ni hili: kinachomaliza misitu ya Tanzania ni kilimo na mkaa, si milango. Ni kweli, na ndiyo sababu kususia mbao zote za asili kunaweza kuleta madhara. Msitu usiompa mwanakijiji kitu una mshindani mmoja tu, shamba la ufuta, nao hushindwa. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 iliviruhusu vijiji kumiliki misitu yao ya hifadhi na kuuza mazao yake. Wilayani Kilwa, vijiji vikisaidiwa na shirika la Mpingo Conservation & Development Initiative vilipata mwaka 2009 cheti cha FSC, kinachotolewa kwa misitu inayosimamiwa vizuri, na vilikuwa vya kwanza Afrika kukipata kwa msitu wa asili unaosimamiwa na jamii. Miti huhesabiwa, huwekewa kikomo cha uvunaji, na fedha huingia kijijini. Mninga au mkongo wa aina hiyo, ukitumika kwa mlango utakaodumu, unampa mwanakijiji sababu ya kuulinda msitu dhidi ya shoka na moto. Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji wa mbao za asili ni msitu gani na hati gani ya kusafirishia. Asiyeweza kujibu, asinunuliwe.

Kuna mbao ambazo hesabu yake ni nyepesi kwa kuwa mti wake ulishafanya kazi nyingine. Mnazi uliopita umri wa kuzaa hutoa mbao ngumu upande wa nje wa shina. Mfenesi, uliotumika tangu zamani katika milango ya Zanzibar, hutoa mbao nzuri baada ya miaka mingi ya matunda. Katika nyanda za juu za Kenya mgrivea hukua kwenye mipaka ya mashamba na kupasuliwa mbao. Juu ya zote ni mbao iliyomo tayari nyumbani. Fremu ya mvule iliyooza futi moja ya chini inaweza kukatwa na kuungwa kipande kipya. Kilichobaki kimekauka kwa miaka mingi kuliko mbao yoyote iliyoko sokoni.

Itasemwa kwamba haya yote ni ghali. Paini iliyokomaa, ikakaushwa na kutiwa dawa, huuzwa bei ya juu kuliko ile mbichi, hilo halikanushiki. Lakini bei ya kenchi igawanywe kwa miaka itakayokaa, na fundi wa kuirudia ahesabiwe. Kinachomkwamisha mnunuzi zaidi ni kukosa taarifa. Mfuko wa saruji huandikwa daraja lake, 32.5 au 42.5, na mjenzi akajua anachonunua. Mbao huuzwa kwa inchi peke yake. Laiti kila mbao ingegongwa muhuri wenye aina ya mti, umri wake ulipokatwa, kiwango cha unyevu na aina ya dawa, kama Shirika la Viwango Tanzania lingelisimamia hilo na wenye viwanda wakalikubali, mkulima wa Mufindi aliyesubiri miaka ishirini angelipwa zaidi ya jirani yake aliyekata kwa minane. Leo mbao zao zinapangwa rundo moja, kwa bei moja.