Pai, Baba na Kamera: Uhakiki wa "American Pie" katika Toleo Lisilokatwa

Utangulizi

Najua wapo wahadhiri wetu watakaokunja uso wakiona kichwa cha makala haya. Watauliza: tangu lini filamu ya vijana wanaohangaika na ubikira wao ikawa kazi ya kuhakikiwa? Nawaomba uvumilivu kidogo. Tumekwisha kubaliana darasani kuwa kazi ya sanaa haipimwi kwa heshima ya mada yake bali kwa jinsi fani na maudhui yanavyoshikana. Basi na hii tuipime kwa kipimo hicho hicho.

Kilichonisukuma kuandika ni jambo dogo. Likizo iliyopita binamu yangu alinipa boksi la DVD za zamani alizotaka kuzitupa. Ndani yake nikakuta American Pie mara mbili. Sahani ya kwanza ilikuwa filamu kama ilivyoonyeshwa kwenye majumba ya sinema mwaka 1999. Ya pili ilitangaza kwenye jalada kwamba haikukadiriwa na bodi, yaani imerudishiwa vilivyokatwa. Nikaja nazo hapa Mlimani, na Jumamosi moja usiku tukazitazama zote mbili, watu saba kwenye kompyuta moja. Nilitegemea toleo la pili lichekeshe zaidi. Wapi! Makala haya yanajaribu kueleza kwa nini halikuchekesha zaidi, na yanaishia kwenye tukio ambalo mmoja wetu hakulicheka hata kidogo.

Kazi yenyewe

American Pie iliandikwa na Adam Herz na kuongozwa na Paul Weitz akishirikiana na ndugu yake Chris. Muswada wake ulizungushwa kwa watayarishaji ukiwa na jina refu la mzaha, lililotamka waziwazi kuwa hii ni filamu ya ngono ya vijana, inaweza kutengenezwa kwa chini ya dola milioni 10, na wasomaji wengi wataichukia. Ikatengenezwa kwa dola milioni 11 hivi, ikaingiza zaidi ya milioni 230 duniani. Si mchezo.

Mandhari ni mji wa kubuni wa East Great Falls, jimbo la Michigan, Marekani. Vijana wanne wa mwaka wa mwisho wa sekondari, Jim, Kevin, Oz na Finch, wanaapizana kwamba kabla ya kumaliza shule kila mmoja awe amelala na msichana, na siku ya mwisho ya kutimiza kiapo ni usiku wa dansi la kuagana. Msuko huu si mpya. Animal House ya mwaka 1978 na Porky's ya mwaka 1981 zilikwisha ilima shamba hili la vijana, ulevi na ngono, nazo ziliwatajirisha wenyewe.

Kitu kinachoipa American Pie uhai wake wa pekee ni baba. Baba yake Jim, anayeigizwa na Eugene Levy, ni mtu mwema, mwenye nyusi nene na maneno mengi yasiyofika. Kila mwanawe anapotumbukia katika aibu, mzee huyo yupo, na badala ya kumchapa anataka waongee. Anamletea hata magazeti ya picha za uchi na kumweleza ukurasa kwa ukurasa, kama mwalimu wa sayansi. Jim angependa ardhi ipasuke immeze. Sisi ndipo tunapovunjika mbavu.

Bodi, mlango wa sinema na kabati la nyumbani

Ili tuelewe sahani ya pili imetoka wapi, lazima tujue utaratibu wa Marekani. Mwaka 1968 chama cha makampuni makubwa ya filamu kilianzisha mfumo wa kukadiria filamu. Bodi yake si ya serikali, wala hakuna sheria inayomlazimisha mtu kuipelekea kazi yake. Lakini soko linamlazimisha. Filamu yenye alama ya R inaruhusu kijana aliye chini ya miaka 17 kuingia akiongozana na mzazi au mlezi. Yenye alama ya NC-17, iliyoanzishwa mwaka 1990, haimruhusu hata akija na ukoo mzima. Kibiashara alama hii ilikuwa kitanzi: majumba mengi ya sinema yaliikimbia, magazeti mengi hayakupokea matangazo yake, na Blockbuster, kampuni kubwa ya kukodisha kanda za video enzi zile, haikuweka filamu za aina hiyo kwenye rafu zake.

American Pie ilipopelekwa kwenye bodi ilipewa NC-17. Ikarudi chumba cha uhariri zaidi ya mara moja, ikapunguzwa, mpaka ikapata R. Sasa hapo ndipo ujanja wa soko ulipoingia. Filamu isiyokadiriwa kabisa haina alama yoyote, wala R wala NC-17. Kwa hiyo vilivyokatwa viliweza kurudishwa na filamu ikauzwa kwa kutazamwa nyumbani. DVD, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1997, ilikuja wakati mwafaka. Kile kilichoondolewa ili filamu iingie sinema kikageuzwa kuwa sababu ya kuinunua mara ya pili.

Angalia kejeli iliyopo hapa, msomaji. Filamu inayohusu kijana anayeaibika mbele ya baba yake ilimtaka kijana wa miaka 16 aende na baba yake sinema! Toleo la nyumbani likamwondoa mzee mlangoni. Kijana akajifungia chumbani na wenzake, akaangalia atakacho. Hicho hasa ndicho jalada lilichokuwa linauza: kutazama bila baba.

Pai na uso wa baba

Wale waliosoma tendi wanalijua vizuri tatizo la matoleo. Utenzi mmoja huwa na miswada kadhaa, huu una beti nyingi, ule una pungufu, na mhariri anasumbuka kuamua upi ni wa asili. Mara nyingi mwanafunzi hudhani mrefu ndio kamili. Dhana hiyo hiyo ndiyo tuliyokuwa nayo usiku ule.

Hebu tulinganishe tukio lililoipa filamu jina. Oz amemwambia Jim kwamba mwili wa mwanamke unafanana na pai ya matofaa yenye moto. Jim anafika nyumbani, hakuna mtu, na mama yake ameacha pai mezani. Katika toleo la sinema Jim amesimama pale jikoni na pai yake. Katika toleo lisilokatwa amepanda juu ya meza kabisa, amelala kifudifudi juu ya pai, na viuno vinakwenda. Katika matoleo yote mawili baba anaingia.

Nilikuwa nawaangalia wenzangu kuliko kioo. Katika toleo lisilokatwa zilipigwa kelele na miluzi tangu Jim alipopanda mezani. Baba alipoingia kelele zilikuwa zimekwisha kula kicheko. Katika toleo la sinema watu walikaa kimya, wakijiuliza kama jamaa atafanya kweli. Mlango ukafunguka. Hapo chumba kizima kililipuka. Baadaye baba na mwana wanakaa jikoni mbele ya pai iliyoharibika, na mzee anapendekeza wamwambie mama kwamba wameila yote. Hapo tulicheka mara ya pili, kwa sauti ya chini zaidi, kicheko cha kumhurumia mtu.

Kwa maoni yangu siri iko hapo. Freud, katika kitabu chake cha mwaka 1905 kuhusu mizaha, alieleza kuwa mzaha wa namna hii unachekesha kwa sababu unalipita katazo lililo ndani yetu. Ukiliondoa katazo hakuna cha kupita. Sisi wenye Kiswahili tunalijua hilo kwa jina la tafsida: neno linaloficha ndilo linalomfanya msikilizaji amalizie mwenyewe kichwani, na akimalizia mwenyewe anakuwa mshiriki. Wakataji wa filamu, bila kukusudia, waliifanyia pai ile tafsida. Warudishaji wakaifunua, na kwa kuifunua wakatunyang'anya kazi yetu.

Simaanishi kwamba bodi ni mhariri mzuri. Wala sikubaliani na wale watakaosema mambo haya ni ya Wazungu, sisi hatuna. Tunayo! Unyago una nyimbo na maneno ambayo bodi ile ingeyasikia ingezimia. Marehemu Bi Kidude wa Zanzibar, aliyefariki mwaka 2013, aliheshimika kwa uimbaji wake na kwa unyago pia. Lakini unyago una mlango. Inajulikana nani anaingia, nani anafundisha, na kwa faida ya nani. Kinachotofautisha sanaa hizi mbili si ukali wa maneno bali mlango huo.

Watoto wa kabati

Ushahidi mwingine unatokana na kizazi kilichofuata. Baada ya filamu tatu za sinema, za mwaka 1999, 2001 na 2003, soko la nyumbani lilizaa watoto wake lenyewe: filamu zilizobeba jina la American Pie lakini zikaenda moja kwa moja kwenye DVD bila kupita sinema. Zilitoka mwaka 2005, 2006, 2007 na 2009, na nyingine ikaja mwaka 2020. Hizi hazikuhitaji kukatwa kwanza ndipo zirudishiwe. Nyingi zilitengenezwa zikilenga ule uhuru wa jalada. Nimeona mbili. Miili ni mingi, aibu hakuna, na kicheko kimepwaya.

Lakini tazama jambo moja: katika zile nne za mwanzo Eugene Levy yumo. Mwana hayupo tena, marafiki hawapo, ila baba amebakizwa. Watengenezaji walijua, hata kama hawakusema, kwamba bila yule mzee wa kutokea mlangoni nyumba haina mtu.

Kamera

Sasa nifike kwenye lile ambalo halikutuchekesha sote. Nadia ni mwanafunzi kutoka ng'ambo, filamu inasema Chekoslovakia, nchi ambayo mwaka 1999 ilikuwa imekwisha gawanyika miaka sita kabla. Anakuja kwa Jim kusoma, naye anaomba kubadilisha nguo chumbani. Jim anawasha kamera ya kompyuta bila kumwambia, ili yeye na wenzake watazame wakiwa nyumba ya jirani. Kwa kukosea, anatuma anwani kwa shule nzima. Nadia anavua nguo mbele ya umati asioujua. Jim naye anaaibika, kwa sababu anarudi chumbani na kushindwa mbele ya macho hayo hayo. Kesho yake Jim anachekwa. Nadia anarudishwa kwao.

Vijana wa Porky's walichungulia bafu la wasichana kupitia tundu la ukuta. Hapa tundu limekuwa kamera. Tukio hili limo katika sahani zote mbili. Filamu ilirudishwa kukatwa, viuno vya mvulana juu ya unga na matofaa vikapunguzwa, lakini msichana anayepigwa picha bila kujua akapita na alama yake ya R.

Tulipokuwa tunacheka, dada mmoja kati yetu alisema, "Mnacheka nini? Si huyu ndiye aliyefukuzwa?" Kisha akatusimulia kwamba katika sekondari aliyosoma, picha za msichana mmoja zilisambazwa kwenye simu. Msichana akahamishwa. Aliyezisambaza akabaki, akafanya mtihani wake. Chumba kikapoa. Hatukuirudisha nyuma sehemu ile.

Bakhtin, katika kitabu chake juu ya Rabelais, anatufundisha kuwa kicheko cha kanivali kinamhusu kila mtu: anayecheka naye anachekwa. Pai inatimiza sharti hilo, maana Jim anajicheka, baba anajicheka, nasi tunakumbuka aibu zetu. Hata mwisho wa filamu unalitimiza, pale Michelle, msichana wa bendi aliyedhaniwa mjinga, anapogeuka kuwa ndiye mwenye mpango, na Jim anaamka asubuhi akiwa peke yake. Nadia hakupewa nafasi hiyo. Yeye hachekeshi wala hacheki, anaangaliwa tu. Mlango wake ulifunguliwa bila yeye kuulizwa, na filamu haikumtuma baba, wala mtu mwingine yeyote, kuja kuufunga. Hiyo ni dosari ya maudhui, na ni dosari ya fani pia, kwa sababu mtunzi aliyejua thamani ya mlango jikoni aliisahau ghorofani.

Hitimisho

Kwa ujumla, American Pie ni kazi nzuri ya ucheshi iliyojengwa juu ya uhusiano wa baba na mwana, na toleo lisilokatwa linaonyesha zaidi lakini linachekesha kidogo. Ukizipata sahani zote mbili, anza na ile ya sinema. Usidanganywe na jalada: zilizoongezwa ni dakika chache mno, na hazina siri yoyote. Lakini ukifika kwa Nadia, usipeleke mbele upesi. Mhakiki anayehesabu vilivyokatwa peke yake atakuwa amefanya kazi ya bodi. Kazi yetu ni kuuliza pia nini kiliachwa, na nani alilipa. Binamu yangu hazitaki tena zile sahani. Nitazihifadhi zote mbili, na safari ijayo nitamwomba yule dada achague tuanzie wapi.