Mashine Ikitoweka, Rekodi Hubaki Bubu

Mwaka 1992, kampuni mbili zilizoshirikiana kubuni CD, Philips ya Uholanzi na Sony ya Japani, ziligeuka washindani. Kila moja ilitaka kurithi nafasi ya kaseti, iliyozinduliwa na Philips mwaka 1963. Philips ilileta kaseti ya kidijitali ya DCC, ambayo mashine yake iliweza pia kupiga kaseti za zamani. Sony ilileta MiniDisc, diski ndogo inayoweza kurekodiwa na kufutwa mara nyingi.

Hakuna iliyodumu. DCC iliondolewa sokoni mwaka 1996, na Sony ilisitisha kusambaza mashine za MiniDisc mwaka 2013. Nafasi yao ilichukuliwa na faili za MP3, zisizohitaji kanda wala diski maalumu.

Mabadiliko hayo humgusa kila mwenye rekodi za kwaya, hotuba au simulizi za wazee, kwani kanda inaweza kubaki nzima ilhali mashine ya kuipiga haipatikani tena. Ni vyema rekodi hizo zihamishiwe kwenye faili mapema, mashine zingali zinafanya kazi. Kwa kuwa hata aina za faili hubadilika, nakala zihifadhiwe zaidi ya mahali pamoja na kukaguliwa mara kwa mara.