Goma–Kinshasa: Safari ya saa mbili angani yageuka ya siku nzima

Kutoka Goma hadi Kinshasa ni kilomita zipatazo 1,560 kwa ndege. Abiria aliyeondoka Goma saa sita za mchana alikuwa akitua N'djili mnamo saa saba na robo za Kinshasa, kwa sababu mji mkuu uko nyuma kwa saa moja. Mtu aliweza kufanya shughuli zake asubuhi katika soko la Virunga, na jioni akala kwa ndugu zake Masina.

Hesabu hiyo haifai tena. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa mwishoni mwa Januari 2025, waasi wa AFC/M23 walipouteka mji. Ule wa Kavumu, karibu na Bukavu, uliangukia mikononi mwao mwezi uliofuata.

Barabara haisaidii. Hakuna njia ya kuaminika inayoiunganisha Kivu na Kinshasa kwa gari, na hata anayefika Kisangani bado ana zaidi ya kilomita 1,700 za mto Congo mbele yake. Hizo boti huzimaliza kwa wiki kadhaa. Kwa watu wa mashariki, ndege ndiyo ilikuwa barabara.

Sasa msafiri huanza kwa kupiga mgongo Kinshasa. Anavuka mpaka kwenye Grande Barrière, anapanda gari kilomita karibu 155 za milima hadi Kigali, kisha anatafuta ndege ya Nairobi, Entebbe ama Addis Ababa. Ni huko ndiko anapogeuka kuelekea magharibi. Kwa njia ya Nairobi safari nzima inafikia kilomita karibu 3,300, na kwa Addis Ababa inapita 4,600, mara tatu ya ile ya zamani. Kigali yenyewe haiwezi kumfupishia: tangu Februari 2025 Kinshasa imezifungia anga yake ndege zilizosajiliwa Rwanda.

Wengine hupitia Uganda, wakaingia tena nchini kwa Kasindi ili kupanda ndege Beni ama Bunia. Vyovyote vile, ni siku nzima, mara nyingi pamoja na usiku mmoja njiani, na pasipoti mkononi kwa safari ya kutoka mji mmoja wa Congo hadi mwingine. Mfanyabiashara anaweza kuahirisha. Mgonjwa aliyeandikiwa kupelekwa Kinshasa hana nafasi hiyo.

Tarehe 30 Oktoba 2025, mjini Paris, rais Emmanuel Macron alitangaza kwamba uwanja wa Goma ungefunguliwa kwa ndege za misaada. AFC/M23 iliupinga uamuzi huo, ikisema haikushirikishwa. Hata hivyo, abiria wa kawaida hawakuwemo katika tangazo hilo.

Kwao, njia ni ileile ya kuzunguka. Wakifika Nairobi wanasogeza saa zao mbele kwa saa moja, na wakitua N'djili wanazirudisha nyuma kwa saa mbili.